Maji ya Rejeta Yapotea Wapi? Somo la Kutafuta Mvujo Uliofichika Katika Gari Kuukuu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mikarafuu, majamvi na magunia. Somo la leo ni la gari, kwani karafuu ikishachumwa hailali shambani. Hapana budi ibebwe ikaanikwe, na ikishakauka ibebwe tena ikauzwe. Gari nyingi tunazozitumia kwa kazi hiyo ni za siku nyingi. Bodi zimepakwa rangi mara mbili tatu, na injini zimefunguliwa na kufungwa na mafundi wasiojuana. Gari hizi zina ugonjwa mmoja unaowatia wenyewe katika mashaka makubwa: asubuhi maji ya rejeta yamepungua, lakini ukiinama kutazama chini ya gari, pakavu.

Mwenye gari akiona hivyo, mara nyingi hufanya moja katika mambo matatu. Mmoja humlaumu dereva kuwa hakutia maji jana. Mwingine hukimbilia dukani kununua rejeta mpya, na baada ya wiki maji hupungua vile vile. Wa tatu huweka dumu la maji nyuma ya kiti, akasema safari iendelee. Huyu wa tatu ndiye aliye katika hatari kuu, kwani siku maji yatakapomwishia katikati ya mlima, na gari imejaa karafuu mbichi, atapoteza injini na mzigo pamoja.

Fundisho letu ni jepesi kulishika. Maji hayapotei bila njia, na njia zenyewe zinahesabika. Katika gari iliyo nyingi kwetu, milango ya kutokea maji ni sita: mfuniko na chupa yake ya akiba, mipira na vibano vyake, rejeta yenyewe, pampu ya maji pamoja na vizibo vya bloku, hita, na mwisho ndani ya injini. Mwenye kuipitia milango hii mmoja mmoja kwa utaratibu ataujua ulio wazi kabla ya kutoa senti moja.

TAHADHARI KABLA YA KUSHIKA SPANA

Maji ya chungu cha jikoni huchemka yakifika daraja 100 za joto. Maji ya gari yamebanwa na mfuniko, na yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Mfuniko ulioandikwa 0.9 huyazuia maji yasichemke mpaka yafike karibu na daraja 118. Basi ukiufungua injini ikiwa na moto, ule mbano huondoka mara moja, na maji yaliyopita daraja 100 hugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji hutoa mvuke wa zaidi ya lita 1,600. Mvuke huo hauna pa kwenda ila usoni na kifuani mwa aliyefungua. Ngoja mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike mkononi bila kuunguza na ubonyee ukiubana. Kisha weka kitambaa kizito juu ya mfuniko, uuzungushe polepole mpaka kituo cha kwanza, usikilize, ndipo uutoe.

Jambo la pili ni kulanti, yale maji ya rangi ya kijani, nyekundu au buluu yanayouzwa madukani. Nyingi ya hizo zina sumu inayoharibu mafigo, na ubaya wake ni kwamba ladha yake ni tamu. Usiionje hata tone kwa kutaka kujua ni maji gani. Ukiimwaga, iingize katika chombo chenye kifuniko. Usiiache katika bakuli uani ambapo mtoto, paka au mbuzi aweza kuifikia. Mtu akiinywa, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama aonekana mzima.

La tatu: gari zenye feni ya umeme, feni yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Ondoa waya wa betri kabla ya kutia mkono karibu nayo.

KWA NINI MVUJO HUJIFICHA

Kuna sababu tatu. Ya kwanza ni joto. Tone likiangukia chuma cha moto hukauka kabla ya kufika chini, na linaloachwa ni alama tu ya rangi au chokaa. Ya pili ni mbano. Ufa mdogo wa mpira hufunguka pale tu maji yanapopata moto na kusukuma. Injini ikipoa ufa hujifunga, na wewe huja kutazama asubuhi wakati umekwisha kujifunga. Ya tatu ni upepo wa feni. Maji yaliyotoka mbele ya injini hupeperushwa nyuma, yakatiririka juu ya chuma, yakadondokea mbali na mahali yalipotoka. Kwa hiyo pale unapoona unyevu sipo lazima penye tundu. Fuata unyevu kwenda juu na kwenda mbele mpaka ufike mwanzo wake.

Wala usilidharau tone. Matone kama 20 hufanya mililita moja. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa, nayo ni mililita 180. Kwa saa kumi za kazi gari imepoteza karibu lita mbili, na mfumo mzima wa maji wa pikapu ndogo mara nyingi hauzidi lita kumi.

PIMA KWANZA, NDIPO UTAFUTE

Chukua daftari. Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza rejeta mpaka juu, na chupa ya akiba ijaze mpaka mstari wa juu, usiupite. Ukiijaza kupita kiasi, maji ya ziada yatatupwa nje yakipata moto, nawe utadhani ni mvujo kumbe ni kipimo ulichokizidisha. Kila asubuhi rudishia maji kwa chupa ya nusu lita yenye alama, uandike ni kiasi gani kimeingia, gari ilikwenda wapi, na ilibeba nini.

Tuchukue mfano. Jumatatu gari ilikwenda kutoka Wete mpaka Mkoani na kurudi, imejaa mzigo: mililita 400. Jumanne ililala: hapana kitu. Jumatano ilizunguka mjini tu: mililita 50. Alkhamisi ilikwenda Mkoani tena, tupu: mililita 150. Daftari hili limekwisha kusema mengi. Mvujo wa gari hii hufunguka kwa mbano na joto, na milima yetu ya Pemba pamoja na uzito wa magunia huuzidisha. Tazama mfuniko, nyufa za mipira, na gasketi ya hedi. Lau daftari lingeonyesha kuwa maji yamepungua hata siku ya kulala, tungetazama kwanza vibano vya mipira, kwani mpira na kibano hunywea vikipoa, na penye ulegevu maji hupenya usiku.

Daftari lina faida nyingine. Humwondolea dereva lawama isiyo yake, na humpa fundi mahali pa kuanzia.

MILANGO MINNE YA NJE

Mlango wa kwanza ni mfuniko. Tazama mpira wake wa chini. Ukiwa mgumu, umepasuka au umelika pembeni, haubani tena, na maji yatakwenda katika chupa ya akiba na kumwagika. Katikati ya mfuniko kuna vali ndogo inayorudisha maji kutoka katika chupa injini inapopoa. Ikinasa, utakuta mpira wa juu umebonyea wenyewe asubuhi kama umenyonywa. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, nunua ulio sawa. Lakini nambari yake iwe ile ile ya zamani. Wako wanaotia wenye nambari kubwa wakidhani ni dawa ya kuchemka. Huo hauponyi kitu. Huipasua rejeta iliyochoka.

Mlango wa pili ni mipira na vibano. Iminye yote injini ikiwa baridi, pamoja na ile midogo ya nyuma isiyoonekana. Mpira mzuri hubonyea na kurudi. Ulio mgumu kama kuni umekufa, na ulio laini kama embe bivu umeliwa na oili. Ukingo mweupe au wa kijani palipo na kibano ni alama ya maji yaliyokauka hapo. Tena kumbuka hili: katika gari kuukuu, ukibadilisha mpira uliokuwa ukivuja, mbano hurudi kamili, na mpira wa pili kwa udhaifu ndio utakaopasuka. Kwa hiyo ikague yote siku moja.

Mlango wa tatu ni rejeta. Tazama pale masanduku ya juu na ya chini, au ya pembeni, yanapoungana na mabati, na hasa rejeta zenye masanduku ya plastiki, kwani plastiki ya siku nyingi huwa nyepesi kuvunjika.

Mlango wa nne ni pampu ya maji na vizibo vya bloku. Chini ya shina la pampu kuna tundu dogo lililowekwa makusudi na watengenezaji. Muhuri wa ndani ukifa, maji hutokea hapo. Ukiona michirizi ya chokaa au kutu chini ya tundu hilo, pampu imekwisha, hata kama leo ni kavu. Usilizibe. Vizibo vya bloku ni vile visahani vya chuma vilivyogongomewa ubavuni mwa injini. Huliwa na kutu kutoka ndani, na aghalabu kilichooza ni kile kilicho nyuma ya stata au chini ya ekzosi, usikoweza kukiona bila kioo kidogo na tochi.

Kwa milango hii yote kuna njia mbili za kuifichua. Njia ya kwanza haina gharama. Safisha injini, ikaushe kwa kitambaa, uipulizie poda nyeupe ya kupaka mahali unapopashuku. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, washa injini mpaka ipate moto, kisha izime. Maji yatachora njia yake juu ya poda, na boksi litakuonyesha upande.

Njia ya pili ni pampu ya kupimia, ambayo mafundi wengi wanayo. Hufungwa mahali pa mfuniko injini ikiwa baridi, ikapigwa kwa mkono mpaka ifike nambari iliyoandikwa juu ya mfuniko, isizidi. Kisha mshale wake hutazamwa robo saa. Ukisimama palepale, milango ya nje ni mizima kwa wakati ule. Ukishuka, sikiliza na utazame. Mtu asitumie pampu ya umeme ya kujazia magurudumu kwa kazi hii, kwani huipita nguvu ya rejeta kabla hujawahi kuizima.

Kama bado hapaonekani kitu, siku hizi kuna rangi maalumu inayotiwa ndani ya maji, na baada ya siku chache za safari humulikwa kwa taa ya mwanga wa zambarau. Palipovuja hung'aa hata kama pamekauka. Fundi mwenye taa hiyo ni wa kutafutwa.

MLANGO WA TANO: HITA

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kupasha moto ndani ya gari, ndiyo maana mlango huu husahauliwa. Lakini gari nyingi zilizoletwa kutoka nje zina hita, nayo ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji hupita humo hata usipoitumia. Inua zulia la upande wa abiria uliguse chini yake. Likiwa na unyevu wa utelezi, au ukisikia harufu tamu ndani ya gari, au kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafuta usiofutika upesi, mshuku huyo. Usichanganye na maji ya mashine ya baridi; hayo ni maji matupu, hayana rangi wala harufu. Fundi aweza kuiunganisha mipira miwili ya hita moja kwa moja ili maji yasiingie ndani. Daftari likinyooka baada ya hapo, umekwisha kuupata mlango wako.

MLANGO WA SITA: NDANI YA INJINI

Milango ya nje ikiwa mizima na maji bado yapungua, basi yanaingia ndani. Baina ya bloku na hedi kuna gasketi. Katika injini nyingi bloku ni chuma cha kusubu na hedi ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka mara moja tu kwa nguvu, hedi yaweza kupinda au kupasuka na gasketi ikaungua. Hapo maji huingia katika silinda na kutoka na moshi, tena bila ya kudondosha hata tone. Dalili zake ni hizi:

1. Toa mfuniko asubuhi, injini ikiwa baridi, iwashe. Mapovu yasiyokoma katika rejeta ni moshi wa silinda unaopenya.

2. Zima, rudisha mfuniko, acha injini ipoe kabisa, kisha iwashe tena. Mpira wa juu ukiwa mgumu katika dakika moja au mbili, kabla injini haijapata moto, ni moshi huo huo unaousukuma.

3. Moshi mweupe wenye harufu tamu usiokatika hata injini ikipata moto. Mvuke kidogo wa asubuhi unaokwisha upesi si ugonjwa.

4. Katika injini ya petroli, plagi moja safi kama iliyooshwa, na nyenziwe nyeusi.

5. Oili iliyopanda juu kwenye kijiti chake, ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Utando kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake si ushahidi, kwani hutokea pia kwa gari inayokwenda safari fupi fupi.

Ushahidi mkubwa ni dawa ya buluu inayowekwa katika kichupa juu ya mdomo wa rejeta. Hewa ya rejeta ikiwa na moshi wa silinda, dawa hugeuka manjano kwa injini ya petroli, na kijani au manjano kwa ya dizeli. Kipimo hiki ni cha dakika chache, na ni rahisi mno kuliko kufungua hedi kwa kubahatisha.

Kama asubuhi stata inagota na injini haizunguki, usiilazimishe. Huenda silinda imejaa maji, na maji hayabanwi. Kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Toa plagi, au nozeli kwa dizeli, ndipo uizungushe.

DAWA ZA NJIANI NA MADHARA YAKE

Tunawasikia wanaotia ute wa yai, pilipili manga iliyosagwa, au unga wa dukani wa kuzibia. Ni kweli vitu hivi huweza kuziba tundu dogo kwa muda. Lakini havichagui tundu. Huziba pia mifereji myembamba ya rejeta na ya hita, na gari iliyokuwa ikivuja sasa inachemka. Viwe vya kukufikisha nyumbani tu, kisha mfumo wote uoshwe.

Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi na chokaa. Chumvi hula chuma, na chokaa hujenga ukuta ndani ya rejeta. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa safi, na bora zaidi ni kulanti iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya dumu lake. Wako wasemao kuwa kulanti ni ya nchi za barafu. Kwetu barafu haipo, lakini kutu ipo, na kazi ya kulanti kwetu ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka.

Injini ikichemka njiani, simama mara moja, izime, na ngoja. Usimwagie maji baridi juu wala ndani, kwani chuma cha moto kikipata baridi ghafla hupasuka. Wala usiutegemee mshale wa joto peke yake. Maji yakishuka chini ya kipimo chake, kipimo hubaki katika hewa, na mshale waweza kuonyesha salama wakati injini inaungua. Ndiyo maana tunasema daftari la asubuhi ni kubwa kuliko mshale.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari imepoteza maji usiku ikiwa imelala, lakini haipotezi safarini. Utaanza na mlango upi, na kwa nini?

2. Fundi amepiga pampu ya kupimia, mshale haukushuka kwa robo saa, lakini maji bado yapungua safarini. Ni milango ipi iliyobaki, na utaijuaje?

3. Jirani akushauri utie mfuniko wenye nambari kubwa. Utamjibu nini?

Mwanachama mwenye gari inayopoteza maji na aanze daftari lake wiki hii, kabla mavuno hayajatukuta, na siku ya kwenda kwa fundi alichukue mkononi. Fundi mwaminifu atalifurahia, na anayebahatisha atajulikana.

Wasalaam,

Katibu wa Chama